Uzi wa Mzee Sefania

Ndugu wawili wanafuatana njia nzima, wa nyuma hamfikii wa mbele. Siku wakipishana kidogo, anakufa mtu wa tatu. Haya, sema wewe. Umeshindwa? Nipe mji. Umenipa Korogwe, nimekwenda, nimerudi: ni magurudumu ya pikipiki.

Mwaka ule wa sabini na nne nilikuwa mkamwana mpya, huku juu Magamba. Mume wangu alikuwa kazini mkongeni, mimi nikabaki kwa wakwe. Baba mkwe, Mzee Sefania, ndiye aliyekuwa fundi pekee wa kijiji chetu cha ujamaa: baiskeli, pampu, na pikipiki moja ya serikali aliyopewa Rubeni, bwana afya.

Asubuhi moja Rubeni alileta ile pikipiki, cheni imelegea. Mzee akalegeza nati za gurudumu la nyuma, akalivuta mpaka cheni ikakaza. Ikabaki kulinyoosha, maana likikaa upande, cheni hupanda meno na kuruka. Alama za kiwandani zilikwisha kuliwa na kutu, kwa hiyo yeye alipima kwa uzi. Aliubana kwenye tairi la nyuma, mtu mwingine akauvuta hadi la mbele. Ukigusa yote mawili, gurudumu limenyooka.

Siku hiyo aliyevuta ni mimi. Mkamwana hamkabili mkwe uso kwa uso, basi nilichuchumaa nimempa mgongo, macho kwenye tairi.

"Umegusa?"

"Bado, baba."

Akageuza skrubu ya kusogezea gurudumu. "Umegusa?"

"Bado, baba."

Mama mkwe, Yudith, akasikia toka jikoni. "Bado, bado! Huko kwenu Gare wakamwana ndio wanaowafundisha wakwe kazi?"

Rubeni akacheka. "Mwache, mama. Huyu tutampa ufundi mkuu, mzee ashike ufagio."

Mzee hakucheka. Akageuza skrubu tena.

"Umegusa?"

Kati ya uzi na tairi ingepita punje ya mahindi. Niliiona nafasi hiyo. Masikio yalikuwa yananiwaka.

"Umegusa, baba."

Akakaza nati. Rubeni akafunga sanduku lake la chanjo, akatuaga, akateremka kuelekea Lushoto.

Saa sita walimkuta bondeni, chini ya kona ya tatu. Cheni ilikuwa imeruka na kukwama kwenye gurudumu. Wanaume walimpandisha kwa blanketi. Vichupa vya chanjo vilikuwa vimetapakaa majanini, vizima vyote.

Tulimzika Jumamosi. Jumatatu kamati ya kijiji ikaketi, pamoja na askari wawili kutoka mjini. Neno lilikuwa hujuma. Mtumishi wa serikali amekufa, na fundi ni yule yule mzee aliyegoma kuhamisha nyumba yake tulipoambiwa tusogee barabarani. Wangemchukua, kwa umri ule na kifua chake kibovu, asingerudi.

Mwenyekiti alikuwa Tobia, mtu mpole.

"Mzee Sefania, shikamoo."

"Marahaba."

"Ulipima?"

"Nilipima. Macho yangu yamezeeka, mwanangu. Kosa ni langu."

Aliamini hivyo. Tangu msiba hakushika spana. Nilikuwa nikimwona kibarazani, ameinua mkono mbele ya uso, anahesabu vidole vyake, akimaliza anaanza upya.

Askari mmoja akasimama, akamshika bega.

"Ngoja kidogo," Tobia akasema. "Pikipiki ni ndefu, na mzee ana mikono miwili tu. Ule upande wa mbele, uzi aliushika nani?"

Yudith, tuliyekaa naye benchi moja, akanibana paja kwa kucha.

"Tulia," akaninong'oneza. "Mkamwana haneni mbele ya wakwe."

Mbele yetu alikaa Secilia, mjane wa Rubeni, na mtoto mgongoni. Hakugeuka. Mtoto ndiye aliyekuwa akinitazama, ananyonya ncha ya khanga.

"Nauliza tena," Tobia akasema. "Nani alishika uzi?"

Nikaondoa mkono wa mama mkwe pajani. Nikasimama, nikamgeukia Mzee Sefania nikamtazama usoni, mara yangu ya kwanza tangu niolewe.

"Ni mimi, baba. Na haukugusa."