Filimbi ya Zanvil Nje ya Ukuta

Basi huyu Zanvil alikuwa mpiga filimbi, ile ya mti, ya tangu enzi ambazo klarineti, zumari ya kisasa yenye sauti kali, haijaingia harusini ikameza kila kitu. Siku hizo bendi ya mji wa Zabolivka ilikuwa na fidla mbili, ngoma, na Yoyne na klarineti yake. Zanvil walimbakisha kwa sababu ya mvi tu.

Siku hiyo walimsindikiza Frume, bibi harusi, makaburini. Bibi harusi aliyefiwa na mama huenda kwanza kumwalika marehemu, na bendi huenda naye. Ila Zanvil ni wa ukoo wa makuhani wa Kiyahudi, na kuhani haingii makaburini ila kumzika wa nyumbani kwake. Mkewe Hinde alipozikwa, siku ambayo angeruhusiwa, yeye alikuwa hoi kwa homa, hata jina lake mwenyewe halijui. Alipopona akamuuliza mchimba kaburi. Mchimba, na pombe yake, akasema, "La tatu kutoka ukutani." Basi. Miaka kumi na miwili, kila Ijumaa kabla ya mishumaa ya Sabato kuwashwa, Zanvil alisimama nje ya ukuta wa upande wa juu, penye mti wa miiba, akampigia mkewe.

Leo pia akasimama hapo hapo, akatoa filimbi.

"Babu, hapo unampigia nani?" akauliza Frume.

"Nani tena, binti? Hinde."

Frume akaonyesha bondeni kwa kidole. "Babu, Hinde yuko chini, upande wa mtoni. Hatua mbili kutoka kwa mama. Hapo kazikwa Getzl, yule muuza farasi."

Yoyne akacheka. "Kumbe Getzl ndiye anayefaidi muziki kila Ijumaa. Na hakuwahi kukupa hata yai."

"Hinde alikuwa hampendi kabisa," Zanvil akasema, pole pole. "Getzl alimwuzia baba yake farasi kipofu."

Makaburi yana kuta nne, jamani, na mtu mzima hakuwahi kuuliza ni ukuta upi. Sasa alichotaka ni kimoja tu: sauti imfikie Hinde walau mara moja, huko chini.

"Frume, mwanangu. Nikipiga kutoka chini, ukisikia ukiwa pale kwake, nirushie kijiwe."

"Nitakirusha, babu."

Akashuka kwa nje mpaka ukuta wa upande wa mtoni. Huko chini ni tope, buti zikazama. Ndani bendi ikaanza, na klarineti ikalia kwa nguvu mpaka kunguru wakaruka. Zanvil akapuliza. Hata yeye mwenyewe hakujisikia. Akapuliza tena, vidole baridi, hakuna kijiwe. Akateremsha filimbi.

Ndani akasikia Frume akisema, "Kaka Yoyne, nyamaza kidogo."

"Mimi? Nimekuja kupiga, sikuja kunyamaza."

"Kidogo tu."

Kukawa kimya, mto tu. Zanvil akapiga ule wimbo mfupi aliompigia Hinde siku walipomkalisha kitini akiwa bibi harusi, wanawake wakilia kama desturi. Akaupiga wote.

Kijiwe kikaanguka topeni karibu na buti zake.

Akakiokota, akakifuta kwa kiganja. Bendi ikatoka langoni, ikaelekea mjini, na Frume akaita kwa mbali, "Babu, twende, watu wanangoja supu."

"Nendeni. Nitakuja."

"Lini?"

"Aliyosikia Getzl ni mengi," akajisemea Zanvil. "Lazima niyarudie yote."

Akaelekeza filimbi ukutani, akaanza na nyimbo za Ijumaa ile ya kwanza.