Mtama wa Bi Radhiya

Kambi ya Ndau ilikuwa na askari wanane, na adui waliyepambana naye kila siku alikuwa kiroboto. Shifta, wale waasi wenye bunduki, walikuwa ng'ambo, upande wa bara, na kwa sababu yao watu wengi walikuwa wameyaacha mashamba yao na kukimbilia kisiwani na watoto na mbuzi. Mwaka ule wa sitini na sita kila nyumba ya Ndau ilikuwa na wageni.

Askari mmoja, Wanyama, alikuwa na ratiba yake. Asubuhi alipanda kilima cha mchanga, akaitazama bara kwa darubini, asione ila mikoko na ndege weupe, akashuka. Akateka maji kisimani, akafua shati, akaisafisha bunduki ambayo haikuwa imechafuka. Mchana akalala chini ya turubai akimsikiliza Hudson, fundi wa redio, akigombana na mitambo yake. Hakulalamika. Kule Garissa, alikopigana kabla ya kuletwa hapa, alikuwa amewazika wenzake, na aliyeona hayo haoni haya kuifurahia siku isiyo na jambo.

Siku moja akaja kambini mama mmoja, Bi Radhiya, mjane aliyehamia kwa kaka yake Hamdun. Alijikalia juu ya sanduku tupu la risasi kabla hajakaribishwa, akamwelekea Koplo Kariuki, mkuu wao.

"Bwana Koplo, nimekuya kwa neno moya. Mtama wangu umewiva kule bara. Nyani wanaula, ndege wanaula, na mimi niliyeulima nimekaa hapa na ndaa. Nipa askari nikauvune."

"Mama, mimi nimeamriwa kulinda kisiwa. Sikuamriwa kulinda mtama."

"Na kisiwa ndiyo nini, mwanangu?" Mama aliupiga mchanga kwa kisigino. "Ni mtanga huu, au ni watu?"

Wanyama alitazamia Koplo akasirike, kwa kuwa alikuwa mtu mkali. Lakini Kariuki alichezea kishikizo cha mfuko wake, kisha akauliza maji hujaa saa ngapi.

Wakavuka kesho yake kwa mashua ya Hamdun, askari watano na mama huyo mmoja na makanda yake ya kutilia mtama. Hamdun alisukuma kwa pondo kati ya mikoko, na matawi yakawachapa kofia. Hapo ndipo Kariuki aliposema, kama mtu anayezungumza na maji:

"Wakati wa Emajensi Wazungu walituhamishia kijiji kilichozungushiwa handaki. Maharagwe ya mama yalikauka shambani, na sisi tukiyaona kwa macho. Yalikuwa hapo tu, ng'ambo ya mto."

Wanyama alimtazama mgongoni, akaona kwa mara ya kwanza kuwa naye ana mama.

Nyumba ya Bi Radhiya ilikuwa imechomwa, imebaki kuta nyeusi. Mama aliizunguka mara moja, akaokota kifuniko cha chungu, akakitia ndani ya leso. Nyuma ya nyumba, mtama ulikuwa umesimama, mwekundu, umeinamisha vichwa. Lakini pembe moja ya shamba ilikuwa imekwisha kuvunwa. Hudson alipiga goti, akatia mkono katika majivu yaliyokuwa kando.

"Yana joto, afande," alisema kwa sauti ya chini.

Wote walielekeza bunduki msituni. Upepo ulipita katika mabua, ukatulia.

"Turudi," akasema Kariuki.

Bi Radhiya hakusogea. Alikuwa ameshika bua moja, akilitazama lilipokatwa. "Wamekata masuke, mabua hawakuyavunda. Hawa wana ndaa kama mimi. Haya, wamekula fungu lao. Nami nataka langu."

Kariuki aliutazama msitu muda mrefu, kisha akaitazama ile mistari myekundu ya mtama ikiyumba mbele yake. "Hudson na wawili, lindeni huku na huku. Wanyama, njoo na kisu. Tunakata hadi makanda yajae, halafu moja kwa moja mpaka mashuani."

Wanyama akaining'iniza bunduki mgongoni, akaingia shambani. Tangu aondoke kwao Bungoma hakuwa amevuna hata suke. Kwa dakika chache mkono ulisitasita, kisha ukakumbuka wenyewe: shika, inamisha, kata, tupa. Vumbi la mtama likamwingia shingoni, likamwasha kama lilivyomwasha utotoni, naye akajikuta akiimba kwa Kibukusu, polepole, wimbo ambao shangazi zake huimba wakivuna wimbi. Koplo, aliyekuwa akikata mstari wa pili, hakumkataza. Bi Radhiya aliwapita wote wawili kwa kasi, akacheka kuwaona wanaume wakihema.

Hakutokea mtu. Makanda yalipojaa waliyabeba kichwani, wakaondoka, na mashua ikazama nusu kwa uzito. Nyuma yao, sehemu ndogo ya mtama ilibaki imesimama. Wanyama alijua kwamba mama huyo angeweza kuimaliza na hakutaka, lakini hakumuuliza.

Jumatano iliyofuata Bi Radhiya alileta sinia kambini: ugali mweusi wa mtama na mchuzi wa papa wa nazi. Walikula wote kutoka sinia moja. Wanyama alifumba macho kwa tonge la kwanza, na Hudson akamwambia asilale juu ya chakula cha watu.

Walikuwa hawajanawa mikono walipokuja wanawake wengine waliohama bara, Bi Ummu mbele, wakasimama nje ya turubai wakishauriana nani aanze.

"Karibuni, mama zangu," Kariuki aliwaambia. "Shamba la nani liko karibu na maji?"

Bi Ummu akaanza kueleza njia, na Wanyama akaenda kutafuta jiwe la kunolea kisu.