Jumapili Haina Kiwango

Jumapili ile simu haikulia. Kila Jumapili, akishaanika sare zake za kazi, mume alimpigia mkewe kutoka nchi jirani alikokuwa fundi wa lifti, na kabla hata ya salamu aliuliza, "Mgonjwa wetu anaendeleaje?" Mgonjwa ni pesa ya nyumbani. Mkewe, fundi cherehani, alikuwa akipita makusudi kila Jumamosi mbele ya duka la kubadilishia fedha, asome ubao, ili asikose jibu. "Arobaini za hapa kwa moja ya kule," alikuwa akisema. "Bado anapumua." Wakacheka, maana kicheko hakitozwi.

Walikuwa na kalenda yao wenyewe. Walioana ilipokuwa tisa kwa moja. Binti yao alizaliwa kwenye kumi na mbili, akaanza shule kwenye ishirini na tatu. Wenzao walitaja miaka. Wao walitaja viwango.

Basi Jumapili ile mke aliketi na simu mapajani. Mwishowe akapiga yeye, ikaita mpaka ikachoka. Akajiambia amelala. Akapiga tena, na tena. Jumatatu redio ikatangaza kwamba pesa ya nyumbani imeshushwa thamani: kuanzia siku hiyo, sitini na tano kwa moja. Akashika simu ampe mumewe habari kwamba mgonjwa amezidiwa. Aliyepokea ni mwenye nyumba wa kule. Walikuwa wametoka kuvunja mlango. Ni moyo, alisema. Walimkuta kitandani, tayari ameshakwenda.

Baada ya mazishi lilibaki suala la nyumba. Walikuwa wakiinunua kidogo kidogo kwa mzee ambaye mtaa mzima ulimwita Kufuli, kwa sababu mdaiwa akichelewa hagombi, anakuja na kufuli tu. Alifika msibani, akatoa pole kama watu wengine. Alipoaga akasema, "Mama, mwisho wa mwezi nitapita." Kufuli lenyewe hakulitaja, ila koti lake lilikuwa limelemea upande mmoja.

Tumaini likawa moja: mafao ya marehemu. Mjane alikwenda kwenye ofisi ya mafao pamoja na shemeji yake, mdogo wa mumewe. Karani, dada mwenye miwani juu ya paji la uso, akakisoma cheti cha kifo, akakigeuza, akakisoma tena.

"Mafao yake yako kwa pesa ya kule, mama. Tunayalipa kwa pesa ya hapa, kwa kiwango cha siku ya kifo. Sasa cheti kinasema 'Jumapili au Jumatatu'. Mashine hii haina 'au'. Mjane ndiye anayetoa kauli."

Akageuza kioo cha kompyuta wakaona. Viwango vya zamani viliorodheshwa mstari kwa mstari, siku baada ya siku. Ijumaa, arobaini. Jumatatu, sitini na tano. Katikati hapakuwa na kitu.

"Jumapili iko wapi?" aliuliza shemeji.

"Jumapili haina kiwango, benki zimefungwa. Inachukua cha nyuma yake."

"Yaani arobaini."

"Arobaini."

Shemeji akamvuta hadi ukumbini, penye benchi. "Shemeji, ukisema Jumatatu, deni la nyumba linaisha, na paa unabadilisha. Ukisema Jumapili, Kufuli anakuja. Hapa hatumwibii mtu, daktari mwenyewe hajui! Kufa kufaana. Na kaka unamjua. Yule angesikia kiwango kinapanda kesho, angemwambia malaika asubiri kidogo."

Mjane alicheka, akaziba mdomo kwa kiganja, na kicheko kikakataa kuisha vizuri. Aliomba apewe wiki.

Usidhani hakutaka. Wiki nzima alilifanyia neno hilo mazoezi juu ya cherehani: Jumatatu, Jumatatu. Lilitoka laini, mpaka alipomweka mumewe ndani yake. Maana kama alikufa Jumatatu, basi Jumapili alikuwa hai. Hai, na simu ikiita karibu na sikio lake. Ama aliisikia akashindwa kunyoosha mkono, ama aliisikia akaiacha. Alijaribu la kwanza, akajaribu la pili, kama kola isiyotaka kukaa shingoni. Sindano ikamchoma kidole. Binti alipouliza, "Mama, tutahama?" alijibu, "Lete uzi," na uzi ulikuwa mbele yake.

Waliporudi ofisini, karani alikuwa ameshaweka vidole tayari. "Siku gani, mama?"

"Ukiandika Jumatatu, Jumapili alikuwa hai?"

"Kwenye karatasi, ndiyo."

"Kutwa nzima?"

"Ee... ndiyo, mama."

"Na mimi nilikuwa napiga."

Shemeji akakohoa. "Shemeji, dada wa watu ana foleni. Sema."

"Andika Jumapili asubuhi," alisema. "Kabla sijapiga."

"Asubuhi haina nafasi humu. Jumapili tu."

"Basi Jumapili tu."

Karani alishusha miwani, akaandika. Nje, kwenye ngazi, shemeji alitembea mbele kwa hasira, kisha akageuka.

"Ishirini na tano nzima kwa kila moja! Umempa nani, shemeji? Hebu niambie, umempa nani?"

"Kaka yako."

Wakaenda kituo cha basi, na njiani shemeji akamshikia mkoba.

Mafao yalilipa kama theluthi mbili ya deni. Mwisho wa mwezi Kufuli alipita kweli, akahesabu, akafunga vyumba viwili vya mbele, kisha akavipangisha kwa watu wengine mpaka salio liishe. Mama na binti yake wanalala chumba cha nyuma. Cherehani iko jikoni, na wateja wanaingilia mlango wa uani.