Jino la Mama Godwin

Hilaria alikuwa amemsamehe jirani yake Dominika tangu mwezi wa kumi na moja, na ushahidi wake ni kwamba tangu siku hiyo hakuwa amemsemesha. Alimsamehe kimyakimya, kwa nguvu zote, kila alfajiri kabla ya kukamua ng'ombe. Wakikutana njiani kwenda bombani aliitikia "nzuri" moja kavu, akapita. Kanisani alilihama benchi la tatu walilokalia pamoja miaka ishirini na sita, akaenda kujibanza nyuma ya nguzo ambako hata Padre haonekani.

Kosa lenyewe lilitokea siku ya somo wa parokia, yaani sikukuu ya mtakatifu wake msimamizi. Hilaria alikuwa amepika mtori, ile supu nzito ya ndizi, sufuria mbili, na kwa kuwa wageni walizidi, aliongeza maji mara moja, au tuseme mara tatu. Dominika akaonja, akasema mbele ya wanawake wote wa jumuiya: "Mama Godwin, mtori huu Padre anaweza kuubatizia mtoto!" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Padre naye alicheka. Hilaria alicheka kuliko wote, kisha akarudi nyumbani na utani ule, akaubeba mpaka Kwaresima inaingia.

Na hasara ilikuwa yake. Tangu wote wawili walipoolewa huku Kibosho, wakatenganishwa na mpaka tu, chai ya saa kumi walikunywa pamoja na hakuna jambo la kijiji lililopita bila wao kulijadili. Sasa Hilaria alikunywa na mumewe Fabian, mtu mwema kabisa, lakini ukimpa umbea hajui aanzie wapi. Jioni nyingine alisikia kicheko cha Dominika ng'ambo ya migomba, akatamani kujua kinachochekwa, akajikaza.

Wiki ya tatu ya Kwaresima akaja Sista kutoka Moshi mjini kutoa semina juu ya Mkristo kukomaa kihisia. Hilaria alihudhuria na daftari jipya. Sista akasema wapo Wakristo wenye mvi kichwani ambao mioyo yao bado ina miaka minne. Hilaria akaandika, na pembeni akaweka herufi D. Sista akasema anayenuna anataka watu wasome moyo wake huku ameufunga, D nyingine. Sista akasema kunyamaza siyo kusamehe. Hapo kalamu ilisita kidogo, kisha ikaandika d ndogo. Alirudi na kurasa sita, akimsikitikia Dominika, aliyekuwa na homa siku hiyo, kwa kukosa mambo yanayomhusu kiasi kile.

Jumamosi iliyofuata, masika yakiwa yameanza, Hilaria alikuwa barazani akimenya ndizi alipomwona Dominika anakatiza katikati ya migomba. Mikononi alishika masale. Moyo ukamlipuka Hilaria kwa furaha.

Huku mlimani kila mtu anajua maana ya isale. Ni mmea tu wa majani marefu, tunaupanda kwenye mipaka. Lakini aliyekukosea akikuletea isale mkononi, umekwisha, huna ruhusa ya kukataa kumsamehe hata kama alikuulia ng'ombe. Tena Dominika hakuleta isale moja. Alileta mzigo mzima, na Hilaria akaona huo ndio ukubwa wa toba.

Akajifuta utomvu wa ndizi haraka haraka, akakaa wima kwenye kiti cha Fabian.

"Hodi hapa! Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina. Karibu." Hilaria alisimama, akaupokea ule mzigo kwa mikono miwili, na kabla mwenzake hajafungua kinywa akaanza. "Mama Viki, usiseme neno. Najua kujishusha ni kazi. Nimekusamehe kutoka moyoni. Mkristo aliyekomaa haweki mambo moyoni."

Dominika akamwangalia, akayaangalia masale, akamwangalia tena.

"Umenisamehe nini, mae? Haya ni ya mpakani. Juzi ng'ombe wako alitoka bandani akakanyaga mstari mzima, nikasema masika haya tupande pamoja kama zamani. Halafu unaongea vizuri! Jino limepona?"

"Jino gani?"

"Si jino lako! Nilimuuliza Baba Godwin mbona hunisemeshi, akaniambia ni jino, ukifungua mdomo upepo unaingia. Nimekusalia novena mbili. Na ule mtori niliokuwa namkabidhi kila Jumanne, laini, usihangaike kutafuna, ulikuwa unakufaa?"

Wanawake wawili wakageuka kwa pamoja. Fabian, aliyekuwa anatoka bandani na ndoo ya maziwa, akasimama, akafikiri, kisha akarudi bandani kinyumenyume. Ndipo Hilaria akaelewa kwa nini mumewe alikuwa ananenepa katikati ya Kwaresima.

Angeweza kucheka hapo, na mambo yangekwisha. Lakini uso ulikuwa umemshuka kwa aibu, akasema ukweli bila kuupanga. "Sikuwa naumwa jino. Ni yale uliyosema siku ya somo. Kwamba mtori wangu unaweza kubatizia mtoto."

Ilimchukua Dominika muda kukumbuka. Alipokumbuka hakufoka, na Hilaria angeshukuru sana kama angefoka.

"Kwa hiyo ulikuwa mzima," alisema. "Miezi minne naamka nakuombea, nikidhani unaumwa. Kumbe ulikuwa mzima, unanipita tu." Akageuka, akarudi kwake bila kuaga.

Hilaria alibaki amekumbatia majani. Kilichomjia kwanza ni hasira: yeye ndiye aliyechekwa mbele ya Padre, halafu yeye tena ndiye awe mbaya? Akaketi, akajisikia anaanza kumsamehe Dominika upya, kwa ile namna yake. Hapo ndipo aliposhtuka. Namna ile aliijua inakoelekea: nguzo ya kanisani, chai ya kimya, miezi mingine minne, na wao si wasichana tena. Watu huzikana hivyo, hawajasemeshana. Akaogopa kweli.

"Bwana," akasema kwa sauti, "mwenye miaka minne ni mimi."

Akachomoa isale moja, akashika njia na kanga ileile yenye utomvu. Fabian alichungulia kutoka bandani. "Wewe zamu yako inakuja," Hilaria akamwambia bila kusimama. Njia ile haizidi hatua sabini, lakini kila hatua alitamani kugeuka.

Dominika alikuwa jikoni, amempa mgongo, anapuliza moto. Hilaria alikuwa ametunga hotuba njiani, lakini ilikuwa na "lakini" tatu ndani yake, akaiacha mlangoni.

"Dominika. Siku ile niliumia. Sikukuambia. Nikakununia, halafu nikawa najisifu kwamba nimesamehe. Nimekukosea, nisamehe." Akanyoosha isale.

Mila inasema huwezi kukataa. Haisemi popote kwamba uharakishe. Dominika alimwacha asimame pale mpaka wote wawili wakatokwa machozi, na kila mmoja baadaye alidai ni moshi. Kisha akalipokea.

"Nami nisamehe kwa utani ule. Ningejua umekuchoma, siku ileile ningekufuata," alisema. "Ila nitajuaje, mae, kama hutaki kusema?"

"Nitasema."

"Hata kama ni dogo?"

"Hata kama ni dogo."

Mchana wakapanda masale, mvua nyepesi ikiwanyeshea. Fabian alichimba mashimo bila kuombwa, tena kwa kasi, na hakuna aliyempa pole. Umbea wa miezi minne ulikuwa umelundikana, ikabidi waanze na wa mwezi wa kumi na moja wakishuka taratibu. Walikuwa wamefika kwenye Noeli Dominika aliponyoosha mgongo, akautazama upande wa mwenzake.

"Mama Godwin, mstari wako umepinda! Kweli umezeeka."

Likamwingia Hilaria palepale pa siku zote. Kicheko cha kufunikia kilikuwa tayari mdomoni, kile cha kucheka kuliko wote. Akakimeza, akaweka jembe chini.

"Hilo la kuzeeka limeniuma," alisema. Sauti ilimtetemeka kama mtoto anayeulizwa katekisimu.

Dominika akaacha kazi. "Kweli?"

"Kweli."

"Basi pole, sirudii. Ila mstari umepinda."

Hilaria akautazama. "Umepinda," akakubali.

Wakang'oa mawili, wakayapanda upya. Dominika akaendelea na habari ya binti wa katekista, kwamba mchumba aliyekuja Noeli siye yule wa Pasaka, na Hilaria akataka kujua wa Pasaka aliachwa kwa kosa gani, na kama mama yake ameambiwa. Walipofika mwisho wa mstari ndipo alipokumbuka kwamba kuna kitu kilikuwa kimemuuma, na ilimbidi afikiri kidogo kukumbuka lilikuwa neno gani.