Mbweko wa Injini ya Dunkle

Arvilla Dunkle alipanda treni ya watalii akiwa na nia moja tu, na haikuwa kutazama majani. Majani yalikuwa yamegeuka rangi bonde zima, mekundu na ya njano, na nusu ya watu wa Ohio, jimbo la jirani, walikuwa wamekuja kuyapiga picha na kuwazibia wenyeji barabara. Wao walikuja kustarehe. Yeye alikuja kumvua mtu nguo mbele ya watu.

Binti yake Janelle hakulijua hilo. Alimnunulia tiketi iwe zawadi ya kutimiza miaka sabini, akitegemea mama atakataa kama alivyokataa miaka nenda miaka rudi kukanyaga Sawtell, mji aliozaliwa. Safari hii mama alikubali kabla hajamaliza kuulizwa. Hapo hapo Janelle angepaswa kushtuka, lakini hakushtuka, maana mtu akizoea kubishiwa na mama yake, akikubaliwa siku moja hushukuru tu.

"Mama," alisema walipokwisha kukaa, "nimeambiwa Merle Sproul ndiye anayewaongoza wageni humu."

"Najua."

"Basi tafadhali usianze."

"Nianze nini? Mimi ni mgeni. Nimelipiwa tiketi, nimekaa, nimenyamaza. Unataka na pumzi nizibe?"

Janelle alimtazama, akageukia dirishani. Treni ilipiga honi, ikajikokota kutoka stesheni, na mabehewa ya zamani yakaanza kulialia kama yanavyolia sikuzote.

Zamani bonde lile lilikuwa na kisima cha mafuta kila ulipotupa jicho, na kila mwenye visima alikuwa na injini yake ya kuvipampu. Kwenye mdomo wa ekzosi watu walifunga kipande cha chuma walichokiita mbweko. Kila mtu aliutoboa mbweko wake apendavyo, ili injini yake ibweke kwa sauti isiyofanana na ya jirani. Mtu alilala kitandani akasikia ya kwake kule mlimani, akajua kazi inakwenda. Injini ikizimwa na mwenyewe, mbweko ulififia polepole, kama mtu anayeshikwa na usingizi. Ikikatika ghafla, kuna kitu kimenaswa, na mara nyingi kitu hicho ni mtu. Basi ilikuwako sheria isiyoandikwa popote: anayesikia imekatika, anakwenda. Hata kama ni ya adui yako, unakwenda. Ukimkuta mzima, mtukane urudi kwako.

Jioni moja ya Novemba, injini ya Orrin Dunkle ilikatika. Arvilla alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, naye na mama yake walikuwa mjini Erie kumwona shangazi aliyejifungua. Mkanda wa injini ulikuwa umemeza koti la Orrin na mkono wake pamoja. Hakufa papo hapo. Daktari alisema aliishi sehemu kubwa ya usiku. Ng'ambo ya kijito, mahali pa kusikia, palikuwa na nyumba moja, na ndani ya nyumba hiyo jioni hiyo alikuwamo mtu mmoja, kijana Merle Sproul. Familia hizi mbili zilikuwa hazisemezani kwa ajili ya bomba lililopitishwa penye mpaka. Merle alimwambia mkuu wa polisi kwamba hakusikia kitu. Upepo ulikuwa wa magharibi, alisema, uliichukua sauti.

Arvilla alipita nyumba kwa nyumba, kila penye bendera uani, akiuliza bendera ilikuwaje jioni ile. Wote walimwambia ilikuwa imelala kwenye mlingoti. Hapakuwa na upepo. Tangu siku hiyo alimchukia Merle kwa chuki iliyokomaa, na mwenye kovu usidhani kapoa. Alichokitaka ni kitu kimoja: Merle aseme kwa kinywa chake, watu wakisikia, kwamba alisikia na hakwenda.

Merle akaingia behewani. Alikuwa mzee sasa, mrefu, amevaa kofia ya reli na fulana nene ya mikono mirefu, na kisu cha kukunja kiunoni kama wanaume wote wa kule. Alishika maikrofoni akawachekesha watu wa Ohio kwa kuitania timu yao ya mpira, wakacheka. Akawaeleza visima. Akawaeleza mbweko. Anajua kuongea, mja laana, Arvilla alimkubalia hilo moyoni na likamzidishia hasira.

"Na hili ndilo ninalotaka mrudi nalo nyumbani," Merle alisema. "Hapa kwetu jirani alikuwa jirani. Injini ya mtu ikikatika, bonde zima lilikuwa mbioni."

"Bonde zima?" Arvilla alisema.

Hakupaza sauti, lakini behewa lote lilisikia. Janelle aliuinamisha uso viganjani.

Merle alimtazama, na ilikuwa dhahiri kwamba amemjua tangu alipoingia. "Bi Dunkle," alisema. "Karibu nyumbani."

"Sikuja kukaribishwa. Waambie wageni wako ya baba yangu ilipokatika nani alikuwa mbioni."

"Mama, hawa watu wamekuja kutazama miti," alisema Janelle.

"Na waitazame! Masikio hayatazami miti. Waambie, Merle. Ulisikia, hukusikia?"

"Nilisema zamani. Upepo ulikuwa wa magharibi."

"Upepo! Bendera zote zimelala, wewe peke yako una upepo. Ulitoka wapi huo upepo, Merle, tumboni mwako?"

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajizuia. Merle aliishusha maikrofoni kidogo, kisha akaipandisha tena, na akatabasamu lile tabasamu la mtu anayejua watu wako upande wake. "Mabibi na mabwana, kwa tiketi hii mmepata na mchezo wa kuigiza bure. Hatuongezi bei."

Wakacheka wote. Mama mmoja mwenye kofia ya manyoya alimwambia mumewe, bila hata kunong'ona, "Maskini, uzee huo." Arvilla alisikia mashavu yakimwaka. Amekuja kumvua mwenzake nguo, amevuliwa yeye, na juu ya hayo kikongwe cha Ohio kimemsikitikia.

"Nilikwambia usianze," alisema Janelle.

"Nyamaza."

Treni ilisimama katikati ya msitu, mahali ambapo huwashwa injini moja ya zamani ili wageni waisikie. Abiria hawaruhusiwi kushuka pale. Huinama madirishani wakasikiliza. Merle alishuka peke yake, akapanda njia ya mteremkoni mpaka kwenye kibanda cha mabati kilichofichwa na miti. Arvilla alifungua mfuko wake akatoa mkate wa nyama ya nguruwe iliyokatwa nyembamba, wenye haradali tele, akaung'ata kama ndio shingo ya Merle.

Injini ikawaka. Ikakohoa, ikashika, ikaanza kubweka.

Arvilla aliacha kutafuna. Mbweko mmoja mzito, mwingine mwembamba wenye mluzi mwishoni, kisha pumzi, kisha mzito tena. Ulikuwa wa baba yake. Baba alitoboa tundu la pembeni vibaya, msumari ulimponyoka, akasema basi na uwe hivyo hivyo, hakuna atakayeuiba. Mama yake alipohamia Erie aliuza kila kitu kama chuma chakavu. Na nani aliyenunua? Huyu! Amemwacha mtu afe, kisha anaichezesha sauti yake mbele ya watalii kila Jumamosi.

"Hana haya wala hana vibaya," alisema.

"Nani?" aliuliza Janelle.

Arvilla aling'ata tena mkate, kipande kikubwa, na kikiwa mdomoni injini ikakatika.

Haikufifia. Ulitoka mbweko mmoja ulionyongwa katikati, kisha kimya.

Abiria walipiga makofi. Mama wa kofia ya manyoya alisema imependeza sana. Dereva na kondakta walikuwa vijana waliozaliwa baada ya visima kufa. Waliegemea behewa wakizungumza habari za kulungu. Katika treni nzima alikuwamo mtu mmoja tu aliyejua kile kilichosikika ni nini.

"Imekwisha?" Janelle aliuliza.

"Imekwisha," Arvilla alisema.

Akaendelea kutafuna. Alitafuna bila haraka, akitazama miti kama alivyoambiwa atazame. Moyoni alikuwa ametulia kabisa, utulivu ambao hakuwahi kuupata maisha yake yote, na aliona ni halali yake. Upepo wa magharibi, alijiambia. Akameza. Akapangusa makombo mapajani, akayakusanya hata yale madogo. Kisha aliona mkono wake umeushika tena mkate, tayari kung'ata mara ya tatu, na mkono huo ukamtisha. Akasimama.

"Mama, unakwenda wapi?"

Alishuka. Kondakta akamkimbilia, "Bibi, hapa hatushuki, bibi!" na Arvilla akamwambia, "Niguse uone." Alipanda njia ile kwa magoti yanayouma, akimlaani Merle kwa kila hatua, na babake Merle, na bomba lao.

Merle alikuwa amebanwa kwenye gurudumu. Mkanda ulikuwa umemeza mkono wa fulana mpaka begani, na ukosi ulijisokota ukamkaza kooni. Uso wake ulikuwa umeiva rangi ya zambarau. Miguu ilikuwa inatafuta sakafu.

"Kata," alisema kwa sauti iliyobaki kidogo sana.

Arvilla alikichomoa kisu kiunoni mwa Merle, akakikunjua. Kisha akakishika tu.

"Ulisikia?"

"Kata, Arvilla."

"Nakuuliza. Ulisikia?"

Merle alifumba macho. "Nilisikia."

"Ukafanya nini?"

"Nilikuwa nakula." Alivuta pumzi, ikakwama, akaivuta tena. "Kabichi na tambi. Nikasema nimalize kwanza. Nilipomaliza nikaona nimechelewa, nikaogopa kwenda kuona."

Basi lilikuwa ndilo hilo. Arvilla alikuwa amelijenga miaka yote kwa ukubwa mwingine, kwamba Merle alisimama dirishani akacheka, kwamba alifurahi. Kumbe sahani ya kabichi. Alipitisha kisu kwenye ukosi mpaka begani, akavuta kwa nguvu zake zote, na kitambaa kikachanika. Merle akaanguka kando akikohoa, mkono ukiwa umevunjika na kuning'inia.

"Mbweko wa baba yangu unaufanyia nini?" Arvilla alimfokea. "Kwa nini uliununua?"

"Ukibweka najua hajafa," Merle alisema. Aliifuta midomo kwa mkono mzima. "Uchukue. Ni wako. Na mengine nitasema kule chini, kwenye maikrofoni. Nitasema yote, watu wasikie."

Hapo kondakta na dereva wakafika wakihema, nyuma yao Janelle. "Mungu wangu! Bibi, ulijuaje?" kondakta alisema. "Sisi tulidhani maonyesho yamekwisha! Wewe umekimbia mara moja uliposikia, umemwokoa!"

Merle alimwinulia Arvilla macho. Alimtazama muda, si machoni, chini kidogo ya hapo.

"Una haradali mdomoni, Arvilla," alisema.

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayemwonyesha mwenzake kitu kilichoanguka. Arvilla aliinua mkono wa koti akajipangusa, na haradali ilikuwa bado mbichi.

Walimteremsha Merle, wakamlaza kwenye behewa la mbele. Arvilla aliporudi kwenye kiti chake behewa zima lilimpigia makofi, na mama wa kofia ya manyoya alilia, akamshika mikono, akamwita shujaa. Merle alimtuma kondakta na maikrofoni. Anauliza, alisema kondakta, kama Bi Dunkle bado anataka aseme lile neno. Yuko tayari, hata kwa koo hilo.

Watu wote walimgeukia. Arvilla aliitazama ile maikrofoni.

"Mwambie apumzike," alisema.

Kondakta akaondoka nayo. Treni ikaanza kurudi Sawtell, kinyumenyume, na mbweko wa Orrin Dunkle ukabaki kibandani, maana hakuna aliyeuchukua. Walipovuka daraja, Janelle alimwinamia.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "mbona nilipokuuliza uliniambia imekwisha?"

Arvilla aligeuza uso dirishani. Nje, mbele ya nyumba ya kwanza ya mji, bendera ilikuwa imelala kwenye mlingoti.

"Sikusikia vizuri," alisema. "Upepo ulikuwa wa magharibi."