Mwalimu wa Mama Mkwe

Mama mkwe alipohamia kwao, mkwe wake, mke wa mwanawe, alianza kutembea kwa kunyata ndani ya nyumba yake mwenyewe. Si kwamba mama alikuwa mkali. Alikuwa mkunga wa miaka mingi, akastaafu na sauti yake ya wodini, na hata akiomba chumvi mezani ungedhani kuna mtoto anakaribia kuzaliwa. Mume alikuwa fundi wa mitambo ya umeme, kazi zake za mbali, akirudi mara mojamoja. Kwa hiyo walibaki wawili: mama na televisheni yake sebuleni, na mkwe, mchoraji wa ramani za majengo, na kompyuta yake kwenye meza ya chakula. "Umeamkaje, Mama?" "Salama tu." Basi. Maneno yameisha hadi mchana.

Kilichowaweka meza moja ni chuo cha wauguzi. Kilimwomba mama aandike mafunzo kwa wakunga wapya, na kikataka ayatume kwa barua pepe. Mwanawe akamletea kompyuta ndogo. Mama aliizunguka siku nzima bila kuifungua, kisha akavuta kiti karibu na mkwe wake.

"Nifundishe," alisema. "Lakini usinibembeleze. Nataka kazi."

Mkwe akaanza na neno la siri. "Lisiwe jina la mwanao na mwaka aliozaliwa, Mama. Chukua maneno manne yasiyojuana, uyaunganishe. Na usimwambie mtu."

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

"Hata mwanangu?"

"Huyo ndiye kabisa!"

Mama alicheka mpaka miwani ikamteremkia puani. Mkwe hakuwahi kumsikia akicheka hivyo, akajikuta naye anacheka.

Tangu hapo kila asubuhi walikaa pamoja. Mama aliandika kwa kidole kimoja, akidonoa herufi kama kuku, na kila alichoambiwa alikishika kama maagizo ya daktari. Akiambiwa ahifadhi kazi kila aya, yeye alihifadhi kila sentensi. Akienda msalani, alifunga skrini kwanza, ingawa nyumbani hapakuwa na mtu mwingine. Siku moja ulimjia ujumbe kwamba akaunti yake ingefungwa jioni hiyo asipobonyeza mahali fulani.

"Njoo umwone huyu," alimwita mkwe. "Ananiharakisha, na hata jina hajataja. Huyu nimfungulie?"

"Mfute, Mama."

"Nilishamfuta. Nilitaka tu umwone... aa, sasa nitakuonyeshaje?"

Walipofika kwenye habari ya nakala, mkwe alichukua flashi, na kwa mfano akanakili humo kazi yake mwenyewe: ramani ya kiwanda kidogo cha mikate, ambayo wakati huo ilikuwa kuta tupu. "Kazi ikae sehemu mbili," alifundisha kwa sauti ya mtu anayejua. "Kompyuta ikifa, kazi isife nayo."

Maneno mazuri, ila aliyeyasema hakuyafuata. Kwenye skrini yake mafaili yalijazana kama nguo zisizokunjwa: "mpya," "mpya kabisa," "mwisho," "mwisho wa kweli." Ramani ya mikate iliendelea kukua, ikapata madirisha, ngazi, mabomba na mahali pa tanuri, na ile flashi haikuguswa tena. Kikombe cha chai nacho kilikaa palepale, ubavuni mwa kibodi, mahali alipomkataza mama kuweka hata maji.

Asubuhi moja simu iliita. Mkwe akanyoosha mkono, kikombe kikalala, chai yote ikaingia kwenye kibodi. Skrini ilipepesa, ikazimika.

Aliipeleka mbio kwa fundi wa kompyuta. Fundi akaifungua, akasikitika. "Huenda nikaokoa kilichomo. Lakini si wiki hii, dada."

Na mwenye kiwanda alitaka ramani yake kesho.

Alirudi nyumbani na mfuko mtupu begani. Njiani alikuwa ametunga uongo: umeme umeleta hitilafu. Lakini mama alimtazama usoni mara moja tu, naye uongo ukamshinda.

"Ni chai, Mama. Niliiweka pale. Na nakala sikufanya." Machozi yakaanza. "Nakufundisha wewe, mimi mwenyewe sifanyi."

Alingoja sauti ya wodini. Mama aliinuka, akamkalisha kitini kwa mikono miwili, kama alivyowakalisha wanawake wengi.

"Mwanangu," alisema taratibu. "Mimi nawafundisha wakunga kula kabla ya zamu, na nimeanguka kwa njaa mara ngapi? Lia kidogo. Halafu uniambie tunaanzia wapi."

Walianzia kwenye flashi. Kuta zilikuwepo, zile za mfano. Mkwe akaweka programu ya kuchorea kwenye kompyuta ndogo ya mama, ikaingia kwa kusuasua, kisha mama akavaa miwani, akachukua karatasi za vipimo alivyoandika mkwe siku alipokwenda kupima jengo.

"Dirisha la stoo, mita moja na robo."

"Nimeweka."

"Hifadhi."

"Mama, dirisha moja tu!"

"Hifadhi, nimesema."

Mkwe akahifadhi. Mchana mama alimlisha akiwa palepale, ila sahani aliiweka kwenye kiti cha pembeni, mbali na kompyuta. Kazi ilikwenda polepole, wakitaniana, mama akiuliza kwa nini tanuri lipewe chumba kikubwa kuliko cha mpishi. Haikuisha siku ile. Mkwe akampigia mwenye kiwanda, akamweleza ukweli. Mtu yule akanung'unika, akaongeza siku moja. Ramani ilimfikia siku hiyo ya nyongeza, kamili, na faili lake lilikuwa na jina la kueleweka.

Jioni hiyo mume alipiga simu. Mama ndiye aliyepokea.

"Mkeo hawezi kuongea sasa," alisema. "Anasoma mafunzo yangu. Amekuta makosa ukurasa wa kwanza, tunabishana."

"Mnagombana?" mume akashtuka.

Mkwe, amekunja miguu kwenye kochi ubavuni mwa mama, akapaza sauti: "Mwambie atupigie kesho!"