Pini ya Ishirini na Nne

Jezi ile haikuwa ya mchezaji yeyote aliye hai. Verna Goertzen aliikuta chini kabisa ya kapu la nguo chafu, chini ya kaptula za mazoezi, akaitoa kwa vidole viwili kama mtu anayetoa panya. Kitambaa kizito cha zamani, kijani kilichopauka, na namba nyeupe iliyoshonwa kwa mkono: ishirini na nne. Kila asubuhi alikuwa akiipita ikiwa ndani ya kabati la vioo karibu na mlango mkuu wa ukumbi, kati ya mpira wa ubingwa wa kwanza na picha ya vijana waliovaa kaptula fupi kupita kiasi. Sasa ilikuwa hapa kwake, chumba cha chini, kwenye mvuke na harufu ya sabuni.

"Wameanza," alisema peke yake.

Tangu mwaka mpya, Craig Lindholm, mkurugenzi wa michezo, alikuwa akizungumzia kampuni moja ya Wichita ambayo ingechukua nguo za timu zote za chuo, izifue na kuzirudisha zikiwa zimefungwa kwenye mifuko. Kilichokosekana ni sababu tu ya kumwondoa Verna. Na sababu gani ingekuwa nzuri kuliko hii? Mjane mwenye ufunguo wa jengo zima, na kitu kinachopendwa kuliko vyote ndani ya jengo hilo kikutwe kwenye kapu lake!

Lakini kulikuwa na jambo lililomtia shaka zaidi. Jezi ilikuwa imetungwa kwenye pini yenye namba hiyo hiyo.

Pale chuoni Sauble kila mchezaji wa mpira wa kikapu hupewa pini kubwa ya chuma yenye namba yake. Mazoezi yakiisha, anatunga humo soksi, kaptula na taulo, anaifunga, kisha anatupa fungu lake kapuni. Verna hufua fungu zima, hulikausha na kulitundika kwenye msumari wake. Na soksi lazima ziwe zimegeuzwa upande wake. Amri hiyo aliileta Kocha Harlan Tiede alipofika akiwa kijana, na gari la kuazima, kwenye chuo kidogo katikati ya mashamba ya ngano kilichokuwa kinafungwa mechi hata na wanafunzi wa uchungaji. "Anayemwachia mama wa watu soksi zilizopinduka haanzi mechi," aliwaambia. Vyuo jirani vilicheka sana. Vilikuja kunyamaza bendera ya kwanza ya ubingwa wa taifa wa vyuo vidogo ilipopanda darini, ikafuatwa na ya pili na ya tatu. Wakulima wenyewe walikuwa wamechanga mbao za kujengea ukumbi mkubwa zaidi, na siku za mechi mjini Sauble hukuti duka lililo wazi.

Aliyeileta bendera ya kwanza, ukiuliza mtu yeyote, ni Dewey Blasdel, namba ishirini na nne. Majira ya kuchipua yaliyofuata, gari lake lilikutana na treni pale njia ya reli inapopita ghala la ngano. Namba yake haikuvaliwa tena, na pini yake haikutumika tena. Verna hajawahi kumfulia Dewey. Yeye aliajiriwa baadaye. Pini za akiba, pamoja na ile ya Dewey, zilikaa kwenye kopo la kahawa mezani kwa Kocha, na aliyekuwa akiingia na kutoka ofisini humo kama kwake ni mmoja tu: Marcus Pruitt, kocha msaidizi.

Verna hakuwahi kumwamini Marcus. Alitokea Missouri misimu michache iliyopita, na tangu hapo anatabasamu. Mtu anayetabasamu vile asubuhi yote ana lake jambo. Msimu huu, watu walisema, kwenye mechi alikuwa hatoki sikioni mwa Kocha, ananong'ona huku ameziba mdomo kwa karatasi. Mji mzima uliona kwamba anakitaka kiti cha mzee. Kumbe na mimi nipo kwenye hesabu zake, aliwaza Verna. Anataka kusafisha nyumba kabla hajahamia.

Basi akafanya jambo la kijinga. Badala ya kupanda na jezi juu na kupiga kelele, aliifua kwa mkono kwa maji baridi, akaikausha kwenye taulo, akaificha nyuma ya maboksi ya sabuni. Kwa maneno mengine, alifanya kila kitu ambacho mwizi angefanya.

Kesho yake Craig alishuka ngazi.

"Verna, una dakika?"

"Nina mashine mbili zinazunguka, Craig. Sema tu."

Hakumwita Bwana Lindholm na hakukusudia kuanza. Craig naye aliwahi kucheza hapa, na soksi zake zilikuwa zikija zimepinduka hadi akakalishwa benchi.

"Kuna kitu kimetoka kwenye kabati la mbele."

"Kimetoka kwa miguu yake?"

"Jezi ya Dewey, Verna. Sitanii. Kufuli halikuvunjwa, limefunguliwa kwa ufunguo. Wenye ufunguo ni mimi, Kocha, Marcus na wewe."

"Na umeanza na mimi kwa sababu ngazi zinateremka?"

Craig alijikuna shingo. "Jumamosi tunaupa uwanja jina la Kocha. Dada yake Dewey anatoka Tulsa kuja kuiona ile jezi. Nitamwonyesha nini, hanga tupu? Nakuuliza kwa heshima. Hujaiona?"

Verna alifungua mashine iliyokuwa haijamaliza, mvuke ukampiga usoni. "Kama kuna mtu anataka kunichongea, mwambie ashuke mwenyewe."

"Hilo si jibu."

"Ndilo nililo nalo."

"Basi Ijumaa saa nne, ofisini kwangu. Wote wenye funguo." Akapanda ngazi, na macho yake yalipita polepole kwenye makapu kabla hajaondoka.

Alhamisi jioni Verna aliamua kumtegea Marcus, akiamini atakuja kuhakikisha jezi bado imo. Timu ilikuwa bwaloni inakula maharage ya nyama na mikate ya mdalasini, kama kila wiki ya mechi kubwa, na hakuna kijana wa Kansas anayeiacha sahani hiyo. Alizima taa, akageuza kapu, akakaa nyuma ya mashine ya kukaushia. Alitaka kusikia hatua zikishuka, na alizisikia. Zilikuwa nyepesi, za mtu anayenyata. Akaruka na kuwasha taa.

"Nimekukamata!"

Marcus aliganda, mkono kifuani. "Mungu wangu! Bi Verna, mimi ndiye niliyekuja kukukamata wewe."

"Mimi? Kwenye chumba changu mwenyewe?"

"Jezi iko humu. Niambie haimo."

"Imo kwa sababu uliiweka! Na pini umeitoa kwenye kopo la Kocha. Unadhani mimi mtoto?"

"Pini?" alisema Marcus, na lile tabasamu lake likamtoka lote. "Ilikuja na pini?"

Kabla Verna hajajibu, ngazi zililia tena. Hatua hizi zilikuwa nzito, zinapumzika kila baada ya kidogo. Kocha Tiede aliingia na koti lake la kahawia, taulo imekunjwa mkononi. Aliwatazama kwa upole kama mgeni anayetafuta mlango.

"Ya Dewey iko tayari?" aliuliza.

Mashine zilikuwa kimya.

"Jezi yake niliileta mwenyewe, yeye ana homa," aliendelea mzee. "Jumamosi Corinth wanakuja na yule mrefu wao. Bila Dewey sina mtu wa kumkaba."

Verna alimtazama Marcus, na usoni pake hakuona mshangao hata kidogo. Aliona uchovu.

"Iko tayari, Kocha," alisema.

"Vizuri." Mzee akamkagua vizuri zaidi. "Wewe ni mpya hapa, eti?"

Ujana wote wa Verna na uzee wake wote ulikuwa umeishia kwenye chumba hiki, chini ya miguu ya timu za mtu huyu. "Ndiyo, Kocha. Mpya."

"Utapapenda. Vijana wanageuza soksi?"

"Wanageuza."

"Asiyegeuza niambie mimi, usiogope." Akamkabidhi taulo, akaanza kupanda ngazi, mkono ukishika ukuta.

Walisubiri hadi mlango wa juu ufungwe. Marcus akakaa juu ya kapu.

"Tangu Novemba," alisema. "Kuna siku yuko sawa kabisa, anakufundisha mpaka unajiona mjinga. Siku nyingine hajui ni kipindi cha kwanza au cha pili. Mechi naziendesha mimi, namnong'oneza, yeye anasimama na kupaza sauti."

"Mji mzima unasema unakitaka kiti chake."

"Nasikia. Na wewe ulivyokuwa ukinitazama, nilidhani siku moja utaniwekea upupu kwenye kaptula."

Verna angecheka siku nyingine. "Binti yake anajua?"

"Yuko Omaha. Wanaongea kwa simu, na kwenye simu mzee hana tatizo. Nilitaka kumwambia. Kila wiki nilisema wiki ijayo."

"Tutampigia Jumapili, wewe na mimi, hapo hapo kwenye simu yangu ya jikoni. Usipokuja nitakufuata."

"Nitakuja. Lakini kesho, Bi Verna? Craig akijua kesho, Jumamosi mzee hakai kwenye benchi. Na huwezi kumlaumu Craig."

"Simlaumu," alisema Verna. Alikuwa anaitazama ile taulo. Ilikuwa safi na kavu kabisa, imekunjwa kwa uangalifu mkubwa. "Kesho niachie mimi."

Ijumaa saa nne Kocha Tiede alikuwa mwingine. Alikuwa wa kwanza kufika ofisini kwa Craig, amenyoa, macho makali, sauti ile ile iliyowahi kuwafanya vijana wa futi sita na zaidi walie bafuni.

"Ukumbi huu sijawahi kuufunga kwa sababu ya mwizi," alisema, akimtazama mmoja mmoja. "Yule kijana nilimzika mimi. Mama yake alinipa jezi ile kwa mikono yake. Aliyeichukua aseme, na aseme sasa hivi."

Hakukuwa na wingu usoni pake. Hakukumbuka chochote, na hasira yake ilikuwa ya kweli tupu. Marcus alifungua mdomo. Verna akamkanyaga mguu chini ya meza, akaweka furushi mbele ya Craig.

"Niliichukua mimi. Ilikuwa inanuka kabati. Dada wa mtu anatoka Tulsa kuja kuona jezi ya kaka yake, aikute inanuka panya?"

Craig alifunua furushi. Jezi ilikuwa safi, imekunjwa. "Bila kumwambia mtu? Nilikuuliza, Verna. Ana kwa ana nilikuuliza."

"Ulikuja kama polisi, nikakujibu kama mshtakiwa."

"Ulinidanganya."

Craig alinyoosha mkono, na sauti yake ilikuwa ya masikitiko kweli, jambo lililomuudhi Verna zaidi. "Nipe funguo. Jumatatu tutaongea."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa Jumatatu wataongea nini. Alitoa funguo mfukoni, akaziweka juu ya jezi. Aliona afadhali atazame dirishani, lakini mzee alimwita.

"Verna."

Leo alilijua jina lake. Alimjua kabisa, yeye na miaka yao yote.

"Sikutegemea hili kwako," alisema Kocha Tiede.

Maneno hayo yalimuuma kuliko funguo. Alitaka kupiga kelele kwamba jana alimwita mgeni, kwamba hii yote ni kwa ajili yake. Akasema, "Ndiyo, Kocha," akatoka, akaenda kulia kwenye gari lake, huku upepo unalitikisa.

Jumamosi aliingia ukumbini kwa mlango wa mbele kama watu wengine, akakata tiketi. Hakuwahi kufanya hivyo kabla. Mechi zote alizisikiliza kutoka chini, kupitia dari yake. Alijua timu inaongoza au imezidiwa kwa miguu ya watu kwenye mbao. Pale kwenye kabati, mwanamke mnene wa makamo alikuwa amesimama, kiganja kwenye kioo. "Jamani, imekuwa safi!" alikuwa akimwambia Craig. "Mama angefurahi." Craig alimwona Verna akipita, akainamisha kichwa.

Habari ilikuwa imeshazunguka mji. Alipokaa, jirani yake wa kanisani aliyevaa skafu ya kijani aliuvuta mkoba wake upande wa pili, polepole, kwa adabu. Verna aliuona mkoba ukisogea na akawa na hasira, kisha akawa na huzuni, kisha wakaanza kutangaza jina jipya la uwanja na watu wote wakasimama kumpigia makofi mzee mwenye koti la kahawia.

Corinth walikuwa wazuri, na yule mrefu wao alikuwa mrefu kweli. Dakika za mwisho matokeo yalikuwa sare, na Marcus akaomba mapumziko mafupi. Vijana walimzunguka. Marcus aliziba mdomo kwa karatasi, akanong'ona, lakini safari hii mzee hakumsikiliza. Alikuwa akiangalia benchi, uso kwa uso, hadi mchezaji wa mwisho, na baada ya wa mwisho akaendelea kutafuta. Kisha akageukia watazamaji. Macho yake yalipanda mstari kwa mstari, yamepotea kabisa, na ukumbi ukaanza kutulia kwa namna isiyo nzuri. Craig aliinuka nusu kwenye kiti chake.

Macho yakamfikia Verna, yakasimama. Kocha Tiede alishika shati lake kifuani kwa vidole viwili, akalivuta kidogo, akainua nyusi, kama anayeuliza tena swali la Alhamisi.

Watu wa mstari mzima waligeuka kumtazama yule mama aliyeiba jezi. Yule wa skafu alikaza mkono kwenye mkoba wake. Verna alitikisa kichwa kukubali, mara moja, wazi, ili mzee aone kutoka mbali.

Uso wa Kocha ukatulia. Akageuka, akaketi mwisho wa benchi, kisha akasogea, akaacha nafasi ya mtu mmoja. Kipenga kililia na vijana wakarudi uwanjani. Mchezaji mmoja wa akiba alipotaka kukaa pale, Marcus alimshika bega, akampeleka upande mwingine.